Bei ya Herufi

Herufi moja ni shilingi mia na hamsini,
jiwe liwe lako au langu.
Ndivyo nilivyomwambia yule mgeni
aliyeingia kofia mkononi,
vumbi la Menengai limempaka nyusi,
na picha ya kaburi ndani ya bahasha.

FITZOGER. Nikahesabu kwa ncha ya patasi: nane.
Z ndiyo iliyonipa wasiwasi.
Miaka ishirini na mitatu nachongea wafu
hapa nyuma ya stesheni ya Nakuru,
Z nimeigonga mara sita,
nne kati yake ni Zipora.

Hii fitz ni kitu gani?
Akasema: mwana wa. Mwana wa Oger.
Nikampa pole kwa msiba wa mzee.
Akacheka hadi akashika ukingo wa meza.
Oger, kumbe, alikufa miaka mia tisa iliyopita.
Alivuka mlango wa bahari na mtawala wake,
farasi wakipiga kwato kwenye mbao za meli,
wakashuka katika nchi ya watu
wakagawana mabonde kabla tope halijakauka miguuni.
Kisha wakaleta karani
ahesabu kila kinu, kila ng'ombe, kila nguruwe,
aandike nani alikuwa nacho
na nani anacho sasa.

Upepo ulikuwa unatoka upande wa Njoro,
alikozaliwa baba yake
kwenye ekari elfu nne za ngano,
alikochunga baba yangu
kwa posho ya unga na chumvi.
Hatukulisema. Nilinoa patasi.

Mimi ni arap Maritim, nikamwambia.
Arap: herufi nne kama zenu. Mwana wa.
Ila Maritim nilimjua, alinuka ugoro,
na jina hilo nilivishwa nilipotoka jandoni.
Mwanangu wa kiume ataitwa kwa jina langu,
wake kwa lake;
jina linahama, kama mifugo kiangazi.
Lenu lilikwama wapi?

Akafikiri.
Labda mtu alichoka kubadilisha, akasema.
Au karani.

Karani! Hapo nikaweka nyundo chini.
Binti yangu Chepng'eno alikwenda kuchukua kitambulisho,
karani akatazama changu, akanakili:
Chepng'eno arap Maritim.
Mwana wa kiume wa babu yake.
Siku hiyo niliyemzaa akawa ndugu yangu.
Nyumbani tulicheka mpaka chai ikafurika mekoni,
lakini kurekebisha ni kiapo, wakili, foleni,
basi anasomea uuguzi kwa jina hilohilo,
na mwalimu mgeni akiita orodha
hutafuta mvulana.

Mgeni hakucheka. Akatoa picha ya pili.
Kaburi dogo ubavuni mwa lile kubwa,
mzizi wa mvinje umelisukuma likalala upande.
Maud Fitzoger. Miaka sita. Homa.
Shangazi yangu, akasema,
naye pia mwana wa Oger,
na mpaka leo sikuwahi kuliona hilo.

Pesa zake zilitosha jiwe moja.
Nilidhani atachagua la babu.
Akasema: la mtoto.
Niandike jina lote?
Akaizunguka meza mara mbili,
akasoma mawe ya watu wengine, Nafula, Adhiambo,
mwalimu mmoja ambaye familia yake bado wana deni langu.
Maud tu, akasema.
Herufi nne, mia sita.
Akalipia zote kumi na mbili, akaondoka.

Jioni kilibaki kipande cha jiwe jeusi.
Nikaandika kwa chaki CHEPNG'ENO,
si cha kaburi, Mungu apishe mbali,
ni cha mlango wa nyumba atakayopanga.
Nilianza na C, mvua ikaanza, nikavuta turubai.
Ile ritifaa baada ya G
ni pigo moja tu la patasi.
Hiyo huwa sitozi.